Hamisha, elekeza, unganisha: vitenzi vya simu ya ofisini

Katika Kiswahili cha ofisini, vitenzi hamisha, elekeza na unganisha hutumiwa vyote kwa tendo la kuifikisha simu ya mtu wa nje kwa mtu wa ndani. Katika mazungumzo, mwingiliano huo hauna hasara kubwa, kwa kuwa mazingira humfafanulia msikilizaji kinachokusudiwa. Hasara huanza pale vitenzi hivyo vinapoandikwa kwenye vitufe, kwenye menyu na katika miongozo ya mafunzo, kwa sababu mtambo hausomi mazingira. Hutekeleza kitufe kilichobonyezwa. Karani wa mapokezi wa zahanati anayetaka kumpeleka mgonjwa mmoja kwa mfamasia, akabonyeza kitufe chenye neno lile lile linalotumiwa kuondosha simu zote, anaweza kuzipoteza simu za siku nzima bila kujua. Simu iliyo mezani pake haitalia tena, naye atadhani siku imekuwa shwari.

Hamisha na elekeza

Hamisha hutokana na hama. Kinachohamishwa sharti kwanza kiwe mahali fulani: mtumishi huhamishwa kituo alichokwisha kukifanyia kazi, na mtambo wa kusaga huhamishwa kutoka banda moja hadi jingine. Simu nayo huhamishwa ikiwa imekwisha kupokewa. Kuna mtu kwenye laini, amekwisha kueleza shida yake, na aliyempokea anampeleka kwa mwingine. Tendo linaihusu simu hiyo moja, na linapokamilika limekwisha.

Elekeza hutokana na elekea, na hutangulia mwendo. Mgeni huelekezwa njia kabla hajaifuata. Simu huelekezwa kabla ya kupokewa, na mara nyingi kabla hata ya kupigwa: mwenye meza huuachia mtambo agizo kwamba simu zitakazokuja ziende kwingine. Agizo hilo hubaki hadi lifutwe. Mwenye kuliacha akienda likizo na kulisahau, litaendelea kufanya kazi atakaporudi.

Tofauti hii huonekana wazi zaidi katika upatanisho wa kisarufi. Linganisha:

"Simu ya mteja wa Arusha nimeihamishia kwa mhasibu."
"Simu za mezani kwangu nimezielekeza kwa msaidizi hadi Jumatatu."

Hamisha kwa kawaida huja na i-, yaani simu moja. Elekeza huja na zi-, yaani simu zote zijazo. Kwa kuwa nomino simu, kama nomino nyingi za ngeli yake, haibadiliki umbo katika umoja na wingi, upatanisho ndio pekee unaobeba habari hiyo. Kitufe chenye maneno "Hamisha simu" au "Elekeza simu" kimeivua nomino upatanisho wake, na msomaji hana pa kuishika maana. Tiba ni nyepesi na haihitaji istilahi mpya: "Hamisha simu hii" na "Elekeza simu zote". Neno moja la ziada katika kila kitufe hulipa gharama ya nafasi linayochukua.

Katika menyu za baadhi ya simu za mkononi, agizo la kuelekeza limetafsiriwa kwa kitenzi sambaza. Chaguo hilo linatokana na barua pepe, ambako kumpelekea mwingine barua uliyoipata kumeitwa kusambaza, na kwa barua pepe linaweza kutetewa: barua hubaki kwa aliyeipata, na nakala huenda kwa wengine. Simu haina nakala. Huenda mahali pamoja, na ikienda huko haipo hapa. Mbegu husambazwa, habari husambazwa, maradhi husambaa. Vyote hivyo huongezeka au hutawanyika. Isitoshe, nchini Kenya Sambaza ni jina la huduma ya kumgawia mwingine salio la simu, hivyo mtumiaji wa huko anayekutana na neno hilo katika menyu ana haki ya kufikiri kwamba anaulizwa habari za salio. Kama sambaza lina mahali katika simu ya ofisini, ni pale simu moja inapoitisha meza kadhaa kwa pamoja ili yeyote aliye karibu aipokee.

Masharti ya kuelekeza

Simu zinaweza kuelekezwa wakati wote au kwa sharti. Masharti yaliyozoeleka ni matatu: mwenye simu anazungumza na mtu mwingine, simu inaita lakini haipokewi, simu imezimwa au iko nje ya mtandao. Katika mitandao ya simu za mkononi inayofuata kiwango cha GSM, kila hali ina namba yake ya huduma: 21 kwa wakati wote, 67 kwa simu yenye mazungumzo mengine, 61 kwa simu isiyopokewa, 62 kwa simu isiyopatikana. Agizo huwekwa kwa nyota mbili, namba ya huduma, nyota, namba ya kupelekea, kisha alama ya reli. Hufutwa kwa alama mbili za reli, namba ya huduma, na alama ya reli. Hivyo ##21# hufuta agizo la wakati wote, na ##002# hufuta maagizo yote ya kuelekeza. Mitambo ya ofisini ina namba zake, ambazo hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, lakini masharti ni yale yale.

Kiswahili kina bahati hapa. Viambishi -ki- na -sipo- vinabeba sharti ndani ya neno moja, na mfasiri hana haja ya kuunda nomino ndefu za aina ya "uelekezaji wa simu katika hali ya kutopatikana". Shida ni nafsi. Menyu nyingi humsemesha mtumiaji kwa nafsi ya pili, na "Usipopokea" likisimama peke yake kwenye kioo lina sauti ya onyo, kama la mzazi aliyechoka kupiga simu. Nafsi ya kwanza huondoa ukali huo, kwa kuwa mtumiaji ndiye anayeuagiza mtambo: "Wakati wote", "Nikiwa kwenye simu nyingine", "Nisipopokea", "Nisipopatikana".

Kwa sharti la kwanza, neno linalojitokeza haraka ni inatumika: "namba ikiwa inatumika". Liepukwe. Namba inayotumika ni pia namba iliyo hai, isiyofungwa, na sentensi "Namba hii inatumika" katika orodha ya mali ya ofisi ina maana hiyo ya pili. Katika tangazo la sauti, neno kwa sasa husaidia ("namba unayopiga inatumika kwa sasa"). Katika menyu, ambako maneno yamebanwa, halipo.

Uwazi wa istilahi hizi una faida nje ya ofisi pia. Matapeli hujifanya watumishi wa kampuni za simu na kumtaka mtu apige nyota mbili, 21, na namba fulani, eti kurekebisha laini. Anayefuata agizo hilo ameziondoa simu zake zote kwake na kumpelekea tapeli, pamoja na zile za kusomewa namba za siri za kuthibitisha akaunti. Mafunzo ya usalama yakisema kwa Kiswahili kwamba namba hiyo "huwezesha usambazaji", msikilizaji hajaonywa lolote. Yakisema kwamba "huelekeza simu zako zote kwa mtu mwingine mpaka uifute", ameonywa.

Unganisha

Hiki ndicho kitenzi kikongwe kuliko vyote vitatu katika uwanja huu, na ndicho kinachotumiwa zaidi kwa mdomo: "Subiri kidogo, nikuunganishe na meneja." Kilizaliwa wakati ambapo simu ziliunganishwa kwa mikono kweli. Kituo cha kwanza cha kibiashara cha kuunganisha simu kilifunguliwa New Haven, Marekani, Januari 1878, na kwa miongo mingi iliyofuata opereta aliketi mbele ya swichibodi, akasikia jina au namba inayotakiwa, akachomeka waya katika tundu la mpigaji na katika tundu la mpigiwa. Hakuna tafsiri ya sitiari hapo. Waya uliunga vitu viwili. Hata neno simu lenyewe ni waya: asili yake ni Kiajemi, na lilipoingia katika Kiswahili lilihusu kwanza telegrafu na ujumbe uliopita humo, kabla simu ya kusemea haijaenea. Kebo ya telegrafu ya chini ya bahari ilifika Zanzibar mwaka 1879.

Opereta alikuwa na mamlaka makubwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyeamua nani aunganishwe na nani. Husimuliwa kwamba Almon Strowger, mtayarishaji wa mazishi wa Kansas City, alisukumwa kubuni mtambo wa kuunganisha simu bila opereta kwa sababu aliamini simu za wafiwa zilikuwa zikipelekwa kwa mshindani wake. Iwe kisa hicho ni kweli tupu au kimeongezwa chumvi, hataza yake ilitolewa mwaka 1891, na kituo cha kwanza cha aina hiyo kilifunguliwa La Porte, jimbo la Indiana, mwaka 1892.

Tangu opereta aondoke kati, unganisha limebaki na utata ambao zamani haukuwapo. Karani anayesema "nawaunganisha" anaweza kumaanisha kwamba atawakutanisha wawili na kutoka, au kwamba atawakutanisha na kubaki kama mtu wa tatu. Mitambo ya leo hufanya yote mawili kwa vitufe viwili tofauti. Tofauti hii inagusa siri: mgonjwa anayemweleza daktari hali yake, akidhani karani ametoka, ana haki ya kujua kama karani bado anasikia. Kwa hiyo kitufe cha kwanza kiitwe "Hamisha simu hii", na cha pili "Ongeza mtu" au, kwa ofisi zilizozoea neno hilo, "Mkutano wa simu". Unganisha libaki kinywani mwa karani, ambako sauti yake ni ya adabu na imezoeleka. Kumwambia mteja "ninakuhamisha" ni sahihi kisarufi, lakini kuna ubaridi ndani yake. Mteja hujihisi mzigo.

Kuhamisha kwenyewe kuna namna mbili. Katika ya kwanza, karani hupeleka simu na kutoka papo hapo, bila kujua kama upande wa pili utapokea. Katika ya pili, humweka mpigaji kando, humpigia mwenzake, humweleza ni nani anayetaka kuzungumza naye na kwa jambo gani, na akikubaliwa ndipo hukamilisha. Kiingereza huiita namna ya kwanza kwa neno la upofu, na tafsiri za mashine hazioni tabu kuandika "uhamisho wa kipofu". Msomaji wa Kiswahili ataelewa kwamba kuna kipofu anayehamishwa, au ataona watu wenye ulemavu wa macho wametajwa pasipo sababu. "Hamisha moja kwa moja" na "Hamisha baada ya kuuliza" yanatosha. Katika mafunzo, hii ya pili huhitaji kusisitizwa: mwenye kuipokea hulazimiki kumuuliza mpigaji upya mambo aliyokwisha kuyaeleza.

Subirisha na egesha

Mpigaji anayeachwa kwenye laini wakati karani akitafuta jalada amesubirishwa. Kitenzi hiki ni cha mtu: mpigaji husubirishwa, na simu yenyewe huwa "simu ya mtu anayesubiri". Tafsiri ya neno kwa neno, "shika laini" au "shikilia laini", haifai, na si kwa sababu ya ugeni tu. Katika mazungumzo ya kila siku, hasa nchini Kenya, kushika simu ni kuipokea: "nimempigia mara tatu hashiki". Anayeambiwa "shika simu" wakati amekwisha kuishika hana la kufanya. Kiswahili cha kawaida kina maneno yake tangu zamani: "Subiri kidogo, usikate."

Kuegesha ni jambo jingine, na miongozo mingi hulichanganya na kusubirisha. Simu iliyosubirishwa ni ya meza iliyoisubirisha. Karani aliyeiweka ndiye atakayeirudia. Simu iliyoegeshwa huwekwa kwenye mtambo wenyewe, katika nafasi yenye namba, na yeyote mwenye simu ya ndani anaweza kuichukua kwa kupiga namba hiyo. Katika Asterisk, programu huria ya kuendeshea mitambo ya simu iliyoanzishwa na Mark Spencer mwaka 1999, mpangilio wa awali hutumia 700 kuegesha, na nafasi huanzia 701 hadi 720. Simu isiyochukuliwa ndani ya sekunde 45 hurudi kwa aliyeiegesha. Huduma hii huwafaa watu wasiokaa mezani. Karani wa gereji huegesha simu ya mwenye gari, hutangaza kwenye kipaza sauti "Fundi mkuu, simu yako iko 703", na fundi huichukua kwenye simu ya ukutani iliyo karibu naye.

Egesha linafaa kuliko lugha iliyolitoa wazo. Kabla ya magari, kitenzi hiki kilikuwa cha vyombo vya baharini: kuegesha ni kukisogeza chombo na kukiweka ubavuni mwa gati au chombo kingine, kipate kushusha na kupakia. Chombo kilichoegeshwa hakijafika mwisho wa safari wala hakijaachwa. Kinamngoja mwenye kukihudumia.

Pokelea na katia

Kauli ya kutendea hurahisisha istilahi mbili ambazo wafasiri huzihangaikia bure. Simu ya mwenzako inapolia naye hayupo, mitambo mingi hukuruhusu kuipokea ukiwa mezani kwako. Hapa hapahitajiki "uchukuaji wa simu wa kikundi". Kiswahili husema kumpokelea mtu simu, na kitufe kiandikwe "Mpokelee mwenzako". Msingi wake ni ule ule unaotenganisha kupiga namba na kumpigia mtu: namba hupigwa, mtu hupigiwa. "Nimepiga mkurugenzi" ni habari ya polisi.

Upatanisho hudai uangalifu pia katika matangazo ya sauti. "Namba unayopiga haipatikani" na "Mteja unayempigia hapatikani" ni sahihi yote mawili. Kosa ni kuyachanganya, "Mteja unayempigia haipatikani", ambalo hutokea mtu anapobadilisha nomino na kusahau kitenzi. Katika menyu za kusikilizwa, huduma itangulie na tarakimu ifuate: "Kwa malipo, bonyeza 2." Msikilizaji hukumbuka tarakimu aliyoisikia mwisho, na ikitangulia atakuwa ameisahau kabla ya kujua ni ya nini. Alama za kibonyezo ni nyota na alama ya reli, majina yanayoeleweka pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania. Tarakimu zinazomfikisha mpigaji kwenye meza fulani ziitwe namba ya ndani, au nambari ya ndani kwa Kenya. Ugani ni kazi ya washauri wa kilimo na mifugo, na kiendelezi kimekwisha kuchukuliwa na programu za kompyuta.

Kata ndilo neno linalodai uangalifu mkubwa kuliko yote, kwa sababu huingia katika kumbukumbu za mtambo, na kumbukumbu hizo husomwa na wakuu wa kazi. Maumbo yake manne hayabadilishani nafasi. "Mteja alikata simu" husema nani alikata, bila kueleza kwa nini. Mtu aliyemaliza mazungumzo yake naye hukata. "Alinikatia simu" huongeza aliyeathirika na kwa kawaida hubeba lawama: mazungumzo yalikuwa hayajaisha. "Simu ilikatika" haina mtendaji. Mtandao ulipotea, umeme ulizimika, chaji iliisha. "Simu ilikatwa" ina mtendaji asiyetajwa, na ikisemwa juu ya simu ya ofisi nzima humaanisha kwamba kampuni imesitisha huduma, agh. kwa deni.

Mtambo wenyewe hutambua ni upande gani uliomaliza simu, na mara nyingi hutambua kama iliishia katika hitilafu ya mtandao. Taarifa inayotafsiri hali zote hizo kwa "ilikatwa" imeifuta tofauti ambayo mtambo ulikuwa umeihifadhi. Mhudumu wa kituo cha simu mwenye "simu 14 zilizokatwa" katika ripoti ya wiki ataulizwa kwa nini anawakatia wateja, ilhali huenda kumi kati yake zilikatika na tatu zilikatwa na wateja wenyewe. Anayetafsiri ripoti ya namna hiyo aandike safu tatu: "Zilizokatwa na mteja", "Zilizokatwa na mhudumu", "Zilizokatika". Panapokuwa na nafasi ya safu moja tu, "Zilizoishia njiani" halimshtaki mtu.